Kurahisisha Kola Si Kulipua Kazi

Wengi wanaojifunza kushona nyumbani hukwamia shingoni. Mabega yameunganishwa, mikono imekaa, pindo limekunjwa, halafu blauzi inaning'inia nyuma ya mlango ikisubiri kola. Ukiwauliza, watakutajia mambo waliyoambiwa, na mengi ya hayo hayana msingi.

Wanaambiwa kwanza kwamba blauzi ya heshima ni yenye kola kama ya shati. Kola ya shati ni vipande vinne: viwili vya kola yenyewe na viwili vya ukanda unaoisimamisha. Ukanda huo unafaa panapofungwa tai, na sijaona anayefunga tai juu ya blauzi ya kitenge. Uache. Shonea kola moja kwa moja shingoni, itajikunja na kulala vizuri. Ukitaka wepesi zaidi, kata kipande kimoja kwa mshazari, kikunje katikati kwa urefu, ukishone. Kitambaa cha mshazari hunyumbuka, kwa hiyo kinaufuata mviringo wa shingo bila kugombana nao. Na kama hoja ni heshima, kanzu haina kola, na hakuna aliyewahi kurudishwa harusini kwa kuivaa.

Kisha kuna hili la kitambaa cha gundi, kile kinachobandikwa kwa pasi ndani ya kola: eti bila hicho kola itanyong'onyea. Kweli, shifoni na hariri zinahitaji kukaziwa. Lakini kukazia si lazima kwa gundi. Kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani ilianza kuuza Vlieseline, kitambaa kisichofumwa cha kukazia nguo, mwaka 1948. Kola zilikuwa zimesimama miaka mingi kabla ya hapo. Fundi wa kanzu hutia kaba ndani ya shingo, kitambaa cha kawaida kinachoshikwa kwa uzi tu. Nawe tia kipande cha marekani nyepesi au popolini kati ya matabaka mawili ya kola. Kwa shifoni, tia oganza. Kitenge kizito cha pamba mara nyingi hakihitaji chochote, ila usidanganywe na ugumu wake kikiwa kipya, maana sehemu ya ugumu huo ni dawa ya kiwandani inayotoka na maji. Kifue, kikauke, kikunje mara mbili na ukishike kwa vidole. Kikisimama, kata kola yako uendelee.

Wapo wanaosema gundi ikiwa nzito ndiyo kola inapendeza. Hapana. Kilichomo ndani kisikizidi uzito kitambaa cha nje, basi.

Dai linalopotosha zaidi ni kwamba kola ikitoka mapovu baada ya kufuliwa, muuzaji alikupa gundi mbovu. Inawezekana, lakini mara nyingi mwenye kosa ni pasi, au kitambaa ambacho hakikufuliwa kabla ya kukatwa: cha nje kinaruka, cha ndani hakiruki, na vinaachana. Pasi nayo huwa inateleza huku na huku kama ya kunyoosha shuka. Gundi haitaki hivyo. Weka kitambaa chenye unyevu juu, kandamiza pasi mahali pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, inyanyue, uihamishie pembeni, ukandamize tena. Kisha usikiguse kipande mpaka kipoe, kwa sababu gundi yenye moto bado haijashika. Pasi ya mkaa hufanya kazi hii vizuri kwa uzito wake, ila haina kipimo cha joto, basi ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, na uangalie majivu.

Linabaki neno la mafundi wakali: kurahisisha ni kulipua kazi. Kulipua ni kuruka yasiyoonekana, na hayo mimi siyaruki. Kabla ya kola kugusa nguo, pitisha mshono mmoja kuizunguka shingo ili isivutike. Kipande cha chini cha kola kipunguze milimita 2 au 3 ukingoni, na mshono utajificha kwa chini wenyewe. Ukifika kwenye ncha, fupisha hatua ya cherehani na upige mishono miwili ya kukata kona badala ya kugeuka ghafla, kisha punguza kitambaa cha ziada kabla ya kugeuza. Usiisukume ncha kwa mkasi, itatoboka.

Na mahali pamoja nawaunga mkono kabisa wanaosisitiza kukazia: mstari wa vifungo. Pale kitambaa kinavutwa kila siku, na tundu lisilokaziwa hutanuka na kuchanika. Kama una kipande kidogo tu cha gundi, kola isubiri, kipeleke kwenye matundu.