Tumwachie Prinia Ukingo wa Uwanja

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, naomba nafasi niseme habari ya ndege ambaye watu wengi wa Ntinda humsikia kila asubuhi wala hawamjui. Ni prinia, ndege wa rangi ya kahawia, mwenye mstari mweupe juu ya jicho na mkia mrefu apendao kuusimamisha. Uzito wake ni kama gramu 9 tu. Hana sifa ya korongo mwenye taji aliyemo katika bendera yetu, lakini kutwa nzima yumo vichakani akila viwavi na wadudu wengine wadogo.

Huyu ni fundi. Hutoboa majani ya kichaka akayashona kwa nyuzi za nyasi, akafanya kifuko chenye mlango ubavuni. Tena ana akili. Yuko ndege mwingine, Anomalospiza, ambaye hutaga yai katika kiota cha prinia ili kinda lake lilelewe bure. Wataalamu waliowachunguza huko Choma, Zambia, waliona kwamba mama mmoja hutaga mayai ya buluu, mwingine meupe, mwingine mekundu, kila mmoja na madoa yake. Basi mama huyajua yaliyo yake, na yai la mwizi likionekana geni hulitupa nje.

Lakini anayemshinda mwizi hawezi kulishinda fyekeo. Mvua zinyeshapo, Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, ndipo majani hukua na wadudu huwa tele. Ndipo nasi tunapofyeka mpaka kwenye ua, bila kubakiza kichaka. Huko chini, bonde la Kinawataka nalo limefukiwa sehemu nyingi kwa ajili ya majengo, ingawa Serikali ilitoa sera ya kulinda mabwawa tangu mwaka 1995. Ndege huyu aende wapi?

Wengine watasema, majani marefu huficha nyoka na kuleta mbu. Kwa nyoka wana haki. Karibu na mabweni na njia tufyeke sawasawa. Lakini mbu huzaliwa katika maji yaliyotuama, kama yale ya makopo tunayoyatupa wenyewe.

Rai yangu ni ndogo. Ukingo wa mbali wa uwanja, hatua tano tu kutoka kwenye ua, usifyekwe wakati wa mvua. Tangu kuatamia mayai hata makinda kuruka hupita kama majuma manne. Si muda mrefu wa kungoja. Nanyi wakubwa wetu wenye viwanja, bakizeni kichaka kimoja. Wenye manati nao wayaweke chini.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Tukiwafukuza walaji wa viwavi, tusishangae kuyakuta maharagwe ya bustani yetu yamebaki vijiti.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kupinga na aandike.