Foleni ya Disney Haishindwi kwa Jedwali

Safari ya Orlando ikishatajwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, haipiti wiki kabla mtu hajaleta jedwali. Saa 1:00 asubuhi getini. Saa 1:35 Space Mountain. Saa 2:20 Peter Pan. Saa 6:10 chakula, dakika 30, msalani ikiwa humohumo. Mwenye jedwali huwa ni mjomba aliyewahi kwenda mara moja, au binamu wa Houston ambaye hajafika kabisa lakini ametazama video zote. Jedwali hilo limejengwa juu ya imani ambayo siku hizi haina anayeihoji: kwamba anayejipanga vizuri ataishinda foleni, na aliyesimama juani saa nzima na mtoto anayelia kajitakia mwenyewe.

Siikubali imani hiyo. Foleni ya Walt Disney World, zile bustani za michezo za Orlando, haitokani na uzembe wa wazazi. Inatokana na hesabu ya kugawanya, na namba zote mbili za hesabu hiyo anazo mwenye bustani. Ndiye anayeamua auze tiketi ngapi, na ndiye aliyejenga mchezo wa kubeba watu kadhaa kwa saa na si zaidi.

Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kihisabati jambo ambalo karani yeyote wa dirishani analijua kwa uzoefu: muda wa kusubiri ni idadi ya walio mbele yako ukiigawa kwa idadi wanaohudumiwa kila saa. Tuseme mchezo unabeba watu 1,000 kwa saa, na mbele yenu wamesimama 1,500. Mtasubiri saa moja na nusu, mwe na jedwali au mwe mikono mitupu. Sasa tuseme nafasi 800 katika zile 1,000 wametengewa waliolipia njia ya haraka. Foleni ya kawaida imebakiwa na nafasi 200, na watu 300 tu wanatosha kurudisha ile saa moja na nusu. Namba hizi ni za mfano, lakini mtindo ni huohuo, na ndiyo sababu watu hupandwa na hasira mahali pale: wanaona kichwa cha foleni kwa macho yao, na hawasogei.

Njia hiyo ya haraka ina historia inayofaa kujulikana kabla hatujalaumiana. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FASTPASS. Ulichomeka tiketi yako kwenye mashine, ukapewa karatasi yenye saa ya kurudi, na hukulipa hata senti. Kufikia 2014 karatasi zilikuwa zimeondolewa Florida, na mgeni wa hoteli za Disney akawa anaweza kuweka nafasi siku 60 kabla. Yaani mzazi alitakiwa aamue, miezi miwili mbele, mtoto wake wa miaka minne atataka kupanda tembo anayeruka saa ngapi ya siku gani. Jedwali la mjomba lilizaliwa hapo. Mwaka 2021 huduma hiyo ya bure ilifutwa, na badala yake ikaja ya kulipia iitwayo Genie+, iliyoanza kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku. Mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Lightning Lane Multi Pass, na miezi michache baadaye ikaongezwa ya wakubwa, Premier Pass, ambayo ilipoanza ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, juu ya kiingilio.

Kilichokuwa haki ya kila mwenye tiketi kimegeuzwa bidhaa. Na bidhaa hiyo ina tabia yake: kadiri foleni ya kawaida inavyochosha, ndivyo njia ya haraka inavyouzika. Sisemi kuna mtu anayekaa ofisini akirefusha foleni kwa makusudi. Nasema asiyelipia ndiye anayesubiri kwa niaba ya aliyelipia, na asiyelipia akishaamini kuwa kosa ni lake la kutojipanga, hatauliza swali lolote kwa mwenye bustani. Atafungua pochi.

Watetezi wa ratiba watajibu kwamba kuwahi kunasaidia. Kweli, kunasaidia. Saa ya kwanza baada ya geti kufunguliwa ndiyo nafuu kuliko zote mpaka usiku, na atakayekwenda kwa starehe zake saa 5:00 asubuhi asilalamike. Lakini ushauri wa kuwahi ulikuwa siri enzi ambazo ulijulikana na wachache. Abiria wa Dar es Salaam wanaijua mbinu ya kugeuza na daladala: unapanda linaloelekea mwisho wa njia ili ukirudi nalo uwe umekaa. Nzuri, mpaka siku wote wageuze. Gari linafika kituo cha mwisho limejaa, na kila mmoja amelipa nauli mara mbili. Isitoshe, wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuanza nusu saa kabla ya wengine, kila siku, katika bustani zote nne. Familia iliyochukua hoteli ya bei nafuu Kissimmee inaamka usiku, inawavalisha watoto wakiwa wamelala, inakimbia, na inapofika kwenye mchezo wa kwanza inakuta watu wameshapanga mstari. Hata kuweka nafasi za Lightning Lane kuna tabaka: mwenye hoteli ya Disney anaanza siku 7 kabla, wengine siku 3. Hapo mjomba ajipange vipi?

Kuna mpango mmoja tu wenye uzito, nao hauandikwi kwa dakika. Ni tarehe. Tangu 2018 bei ya tiketi ya Disney World inabadilika kulingana na siku, na kalenda ya bei iko wazi kwa kila mtu. Isomeni kama utabiri wa msongamano kutoka kwa anayejua kuliko wote. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya bei inapanda kileleni, na ndizo siku hasa ambazo familia zetu za Marekani hupenda kukutana, kwa sababu kila mtu ana likizo. Mwishoni mwa Agosti na Septemba, shule za Florida zikiwa zimefunguliwa, watu hupungua sana. Mtalipa kwa joto, na huo ni msimu wa vimbunga, hivyo msinunue kitu kisichorudishiwa fedha. Anayenunua tiketi ya tarehe 28 Desemba kisha akakesha akipanga dakika amefanya uamuzi mmoja mkubwa vibaya na anahangaika kuurekebisha kwa maamuzi mia madogo madogo.

Jambo jingine ambalo jedwali halilijui ni sisi. Ratiba hizi zimetungwa kwa ajili ya watu wanne wenye miguu mizuri: baba, mama, na watoto wawili waliokwisha kuacha nepi. Familia inayotoka Columbus au Minneapolis kwenda Orlando mara nyingi ina bibi aliyekuja kutoka Tanga kwa viza ya miezi sita, shangazi mwenye magoti, kichanga mgongoni, na watu kumi na moja ambao hawajawahi kuondoka mahali popote kwa wakati mmoja. Wapo watakaotaka kuswali Adhuhuri. Ukiwapa watu hao ratiba ya dakika 35 kwa kila mchezo, saa 4:00 asubuhi mmeshachelewa, na kuanzia hapo siku yote ni kugombezana. Bibi anageuka mzigo. Hakuna anayemtamkia, ila yeye anaona.

Na mvua je? Kiangazi cha Florida kina radi za alasiri karibu kila siku, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Jedwali linaloloa saa 9:00 halina ukurasa wa pili.

Ningekuwa na sauti kwenye kundi hilo, ningesema hivi: kila bustani, chagueni vitu vitatu ambavyo mkivikosa mtasikitika kweli. Vifanyeni asubuhi. Kingine chochote kikipatikana ni nyongeza. Saa sita mchana tokeni, mkalale hotelini, mrudi jioni. Tiketi ileile inawarudisha. Chakula chukueni kutoka nyumbani. Disney World inamruhusu mgeni kuingia na chakula chake, mradi asibebe vyombo vya kioo, kwa hiyo sambusa na chapati zinaingia bila mgogoro, na migahawa ya kaunta hutoa maji ya barafu bure ukiomba. Wenye watoto wadogo waulize Rider Switch mlangoni: mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanapokezana bila kuanza foleni upya. Hiyo nayo ni bure, na ajabu ni kwamba wengi walionunua kila kitu hawaijui.

Watoto wenyewe hawana ugomvi mkubwa na foleni kama tunavyodhani. Tangu 1985, David Maister alipoandika kuhusu saikolojia ya kusubiri, inafahamika kwamba anayesubiri akiwa na shughuli huuona muda kuwa mfupi. Kwenye bustani ya Magic Kingdom walilifanyia kazi jambo hilo mwaka 2012: kwenye Dumbo, yule tembo anayeruka, waliweka hema la kuchezea ambamo watoto waliteleza na kukwea huku wazazi wakishika kifaa cha kuwaita zamu ikifika. Wapo watoto waliogoma kutoka hemani zamu ilipofika. Kwenye jedwali, hilo ni kushindwa. Kwa mtoto ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nikitaka kumpeleka bibi wa Tanga mahali pamoja tu, nitampeleka bustani ya Animal Kingdom. Humo, tangu 1998, kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe, kilichobuniwa kwa kutazama Lamu, kuta zikiwa zimechakazwa kwa makusudi na mabango yakiwa ya Kiswahili. Kutoka hapo mnapanda lori la wazi la Kilimanjaro Safaris, kama dakika ishirini, kupita penye twiga, tembo na simba. Wapo wanaowacheka Watanzania wanaopanga foleni Florida kutazama twiga. Mimi siwacheki. Watoto waliozaliwa Ohio wengi wao hawajamwona twiga nje ya kitabu, na kando yao amekaa bibi mwenye hadithi za wanyama hao ambazo dereva hana. Nendeni asubuhi, wanyama wakiwa hawajajificha joto. Mkishuka, ingieni kwa miguu Gorilla Falls, njia ambayo hadi 2016 ilikuwa na jina la Pangani. Mara nyingi hakuna foleni ya maana, na bibi atapiga hatua zake kwa mwendo anaoutaka. Ratiba nyingi huruka sehemu hiyo kwa sababu hakuna cha kupanda.

Najua litakalorudi: tumelipa dola zote hizi, lazima pesa irudi. Pesa hairudi. Ilishakwenda siku mliyonunua tiketi, na haijali mmepanda michezo kumi na minne au mitano. Kinachobaki kuamuliwa ni mtarudi hotelini mkiwa mnaongea au mmenuniana, na kwa hilo idadi ya michezo si kipimo.

Mwenye jedwali asinyang'anywe kazi yote, atakasirika. Apewe utepe wa kupimia. Kwenye mchezo wa TRON hupandi chini ya sentimita 122, Space Mountain 112, treni ya migodi ya Seven Dwarfs 97, na walinzi wa vipimo pale hawaombeki. Awapime watoto ukutani wakiwa na viatu watakavyovaa siku hiyo, kabla yeyote hajaahidiwa chochote. Mtoto wa sentimita 110 akiambiwa sebuleni kwamba Space Mountain bado, atanuna mpaka chakula cha jioni. Akiambiwa mlangoni, baada ya kuahidiwa miezi miwili, mtakumbushwa ahadi hiyo mpaka siku ya harusi yake.