Askofu Spiss naye akumbukwe

Asante mwandishi kwa habari za Polikarpo wa Smirna, askofu mfiadini wa kale. Waumini wake walikusanya mifupa yake na kuadhimisha siku yake bila kungoja kibali cha mtu. Sisi wa Kusini tunaye Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Aliuawa karibu na Liwale tarehe 14 Agosti 1905, vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipoanza, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Najua wapo watakaosema alikuja na bendera ya Mjerumani. Ni kweli, na mashujaa wa vita hivyo walionyongwa Songea mwaka 1906 wanastahili heshima yao. Lakini hapa Mgololo tuna Wakatoliki wengi, na jina la Spiss silisikii kabisa. Makatekista, lifundisheni.