Neno la Mhariri: Kuachilia si Kujitenga

Ubudha ukitajwa siku hizi, wengi huona picha moja: mtu amekunja miguu, macho kayafumba, kelele za dunia kaziacha mlangoni. Picha hiyo si ya uongo, ila imepunjwa. Imemtoa mtu katika jamaa zake, jiko lake na shughuli za kutwa, ikamwacha na pumzi zake, kisha ikatuambia kuwa huko ndiko kuachilia. Toleo hili linashika upande mwingine. Tunadai kwamba katika mafundisho ya Buddha kuachilia kulianzia kwenye mambo ya mikono, kwa maana ya chakula, kazi na namna mtu anavyowategemea wenzake, na kwamba utulivu unaopatikana kwa kuwakwepa watu unatiliwa shaka na maandiko ya dini hiyo yenyewe.

Ushahidi mzito uko kwenye Vinaya, mkusanyo wa kanuni za watawa. Watawa wa kiume wa Theravada, tawi la Ubudha lililoenea Sri Lanka, Thailand na Myanmar, wana kanuni 227, na kanuni hizo zimeambatanishwa na visa vinavyoeleza kwa nini zilitungwa. Kimoja kinamhusu mtawa mzee aitwaye Belatthasisa, aliyekaa mbali na watu. Akipewa wali mwingi aliuanika mpaka ukauke, akauweka. Njaa ikimshika huuloweka maji, akala. Kwa njia hiyo siku zilipita bila yeye kuonekana kijijini na bakuli lake la kupokelea chakula. Huyu hakuwa mlafi. Kwa macho yetu angekuwa kielelezo cha aliyeachilia: hataki vitoweo, hataki soga, muda wake wote ni wa kutafakari. Hata hivyo Buddha alikataza. Chakula alichopewa mtawa leo kisilale hadi kesho. Mgonjwa peke yake aliruhusiwa kuweka samli, siagi, mafuta, asali na sukari kwa muda wa siku saba, jambo linaloonyesha kuwa kanuni hii haikutungwa na mtu aliyesahau kuwa mwili huuma.

Asiye na akiba hana budi kutoka na bakuli kila asubuhi, na hana budi kuwa na mwenendo ambao wanakijiji wataona unastahili wali wao. Akiwa na majivuno au kashfa, bakuli litarudi jepesi. Nao wanakijiji wanajua wapi pa kumpata akitakiwa msibani au kwenye ushauri. Mtawa ameacha ghala, na kwa kuacha ghala amefungwa kwa watu zaidi ya tajiri yeyote wa kijiji kile, maana tajiri anaweza kununa mwezi mzima na bado akala.

Msomaji atasema hayo ni ya watawa. Mzazi mwenye ada ya shule na kodi ya nyumba hawezi kuamka kila siku na sufuria tupu akingoja hisani ya majirani. Ana haki kusema hivyo. Lakini jibu lilishaandikwa mwaka 1237, tena jikoni. Mwaka huo Dogen, mwanzilishi wa Soto Zen nchini Japani, aliandika Tenzo Kyokun, mwongozo wa mpishi wa nyumba ya watawa. Mpishi huyo ni mmoja wa viongozi sita wa nyumba, na kazi yake hasa ni kuwaza kesho: anaketi na wenzake kupanga mboga, anapokea mchele, anaandaa uji wa alfajiri tangu usiku. Anapoosha mchele autoe mchanga, kisha autazame na mchanga wenyewe, asije akatupa punje. Aliyewahi kushika ungo anaijua kazi hiyo ya kurudia mara mbili. Majani ya porini ayapike kwa uangalifu uleule ambao angeupa mchuzi wa wakubwa. Vyombo vya juu virudi juu, vya chini virudi chini. Mpango haujaachwa hapo hata kidogo. Kilichoachwa ni manung'uniko juu ya kilicholetwa jikoni, pamoja na hamu ya kuwa penginepo kwenye kazi ya hadhi. Dogen anasimulia kwamba huko China, alikokwenda mwaka 1223, alimkuta mpishi mwenye umri wa miaka 68 akianika chakula kwenye jua la adhuhuri, fimbo ya mwanzi mkononi, kichwani hana kofia. Alipomuuliza kwa nini asiwaachie wasaidizi, mzee alijibu kuwa wasaidizi si yeye. Mzazi anayefunga vyakula vya wanawe saa kumi na moja alfajiri yuko karibu na mpishi huyo kuliko Belatthasisa alivyokuwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mafundisho haya humtuliza mnyonge ili asidai chake. Historia haijibu kwa sauti moja. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya Wadalit, watu waliohesabiwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka. Alilikataa waziwazi wazo kwamba mateso ya mtu ni malipo ya maisha yake ya nyuma. Walichokiachilia watu wale siku ile ni tabaka walilozaliwa nalo na unyonge walioambiwa ni haki yao, na sidhani kuna anayeweza kuuita huo uvumilivu.

Ila upande wa pili upo, na ni aibu kuuficha. Mwaka 1992 dhehebu la Soto, lililotokana na Dogen huyuhuyu, lilitoa tamko la kuomba radhi kwa namna lilivyoshirikiana na dola ya Japani katika uvamizi wa nchi za Asia. Miaka yote ile kumbi zilikuwa kimya na watawa waliketi sawasawa, wala kuketi hakukuwazuia. Ndivyo ilivyo, kwa kipimo kidogo sana, kwa mazoezi ya utulivu yanayouzwa maofisini, ambayo chimbuko lake ni mpango wa Jon Kabat-Zinn wa mwaka 1979 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu huko Massachusetts. Mpango ule umewafaa wengi na hatuudharau. Bosi anayewafundisha wafanyakazi kupumua huku saa zao za kazi zikibaki zilezile ni suala jingine. Kwa sababu hiyo tuliwaomba waandishi wa toleo hili wasiishie kwenye kutafakari, watueleze pia ni nani aliyepika, nani aliyelipa na nani aliyefagia ukumbi.