Imani ya Wazazi, Wazazi Wapi?

Vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, mimbari za nchi hii hurudia onyo lile lile. Wazazi wanahimizwa kuwaombea vijana wao kabla hawajapanda basi, maana huko waendako kuna roho ya maswali. Kijana aliyebatizwa akiwa mchanga, akakulia kwenye kwaya na kukariri katekisimu yote, akirudi likizo ya kwanza na kutaka kujua kwa nini Mungu mwema awaue wazaliwa wa kwanza wa Misri kwa ukaidi wa Farao, basi huyo ameshaharibika. Wanaitwa wazee wa kanisa. Anawekewa mikono. Angalieni vizuri ni nini hasa kinachowakera wahubiri hawa: kijana hajafikia uamuzi wowote, hajahama kanisa wala hajalitukana. Ameuliza tu. Na akizidi kuuliza anapewa hoja inayodhaniwa kufunga mjadala, kwamba hii ndiyo imani ya wazazi wake, ameikuta nyumbani, na mwacha asili ni mtumwa.

Hoja hii inachosha, na inachosha zaidi kwa sababu wanaoitoa ndio watu wa mwisho wenye haki ya kuitoa. Asili ipi hiyo? Johann Ludwig Krapf alitia mguu Mombasa mwaka 1844. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, Waanglikana wa misheni ya UMCA wakafika Masasi 1876, Wamoravian wakaanza Rungwe 1891, Walutheri wa Leipzig wakapanda Kilimanjaro 1893. Hesabu vizazi. Kwa familia nyingi za bara, Ukristo una vizazi vinne, vikizidi sana vitano. Nyuma ya hapo yupo babu mmoja, au bibi, aliyesimama mbele ya wazee wa ukoo akasema hashiriki tena tambiko, pombe ya mizimu haimwagi, na jina alilopewa alipozaliwa ameliweka kando kwa ajili ya jina geni ambalo mama yake mzazi hakuweza hata kulitamka. Wazee waliona nini siku hiyo? Waliona mtoto aliyeharibiwa na shule. Waliona mtu aliyeacha asili yake akawa mtumwa wa wageni. Maneno ni yale yale na hasira ni ile ile, ila safari ile msemaji alikuwa mzee wa tambiko na leo ni mchungaji. Kila Mkristo wa nchi hii, asiye mwongofu wa juzi, ametokana na mtu aliyeitilia shaka dini aliyolelewa nayo. Mtu huyo ukimwondoa, hakuna kanisa, hakuna mimbari, na hakuna wa kutukemea.

Wala si jambo ambalo kanisa linalionea haya. Linalitukuza. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wanamiminika Namugongo, nje kidogo ya Kampala, wengine wakitembea kwa miguu siku nyingi, kuwakumbuka vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliochomwa moto mwaka 1886. Ishirini na wawili kati ya wafiadini wa Uganda ni Wakatoliki, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana orodha yao. Mmoja katika wale ishirini na wawili ni Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa nyumbani mwa Mukajanga, yaani mkuu wa wanyongaji mwenyewe. Mukajanga alimsihi. Alimtaka aikane hiyo dini mpya, au angalau akubali kufichwa mpaka hasira za Kabaka zipoe. Ndugu nao wakasihi. Mbaga akakataa, na mlezi wake hakuweza kumpa zaidi ya kuamuru apigwe rungu shingoni kwanza ili moto usimkute akiwa hai. Soma kisa hicho bila kuvaa miwani ya ibada. Hapa pana mzazi anayemlilia mtoto arudi katika utii wa nyumbani kwao, na mtoto anayejibu kwamba ameshafikiri na harudi. Huyo mtoto ndiye aliyejengewa makanisa kwa jina lake na la wenzake. Ndiye anayewekwa kwenye madirisha ya vioo. Mukajanga hana dirisha popote, ingawa Jumapili nyingi ni hoja ya Mukajanga ndiyo inayohubiriwa.

Najua jibu linalofuata, kwa sababu ndilo jibu pekee lenye uzito kidogo. Wale, tunaambiwa, walitoka gizani wakaenda nuruni. Huyu wa leo anatoka nuruni anarudi gizani. Safari hizi hazifanani. Lakini nani alimpimia Mbaga ipi ni nuru? Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na wale wa Kikatoliki 1879. Mafundisho yote ya wamisionari hao hayakuwa yametimiza miaka kumi nchini. Hakuwa na babu Mkristo wa kumhakikishia, wala baraza la wazee lililompa kibali. Kila mtu mzima aliyemheshimu katika ukoo wake angemwambia kwamba giza ndilo lile analolikimbilia. Alipima kwa kichwa chake mwenyewe na dhamiri yake mwenyewe. Ama kijana wa miaka kumi na kitu alikuwa na haki ya kupima, na hapo haki hiyo hiyo anayo mwanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, hata akipima na kupata jibu tusilolipenda. Ama hakuwa nayo, na hapo wapeni taarifa mahujaji wasisumbue miguu yao. Haiwezekani kuuliza kuwe utakatifu kunapoelekea mlangoni mwa kanisa na kuwe pepo kunapoelekea upande mwingine. Kusema nuru inajulikana tangu mwanzo ni kuandika jibu kwanza kisha kuita mtihani.

Na tusijifanye kwamba maswali yalikoma baada ya ubatizo. Walutheri wapo kwa sababu mtawa mmoja wa Wittenberg mwaka 1517 alizihoji biashara za rehema za kanisa alilolelewa ndani yake. Waanglikana wapo kwa sababu zao, na hizo tusizichunguze sana. Wasabato wapo kwa sababu watu walimsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, hakuja, wakarudi kwenye Maandiko kuuliza walikosea wapi. Simon Kimbangu, Mbaptisti aliyelelewa na misheni katika Kongo ya Wabelgiji, alianza huduma yake mwaka 1921, akafungwa mwaka huo huo na kufia kifungoni 1951. Leo kanisa lake lina waumini kwa mamilioni. Tembea barabara yoyote ya Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Mbagala, usome vibao vya makanisa: kila kibao ni ukumbusho wa mtu aliyesema kule alikokulia hakumtoshi. Halafu mwenye kibao, ambaye jana tu alijitenga na askofu wake wakagombania viti na spika, anasimama kufundisha kwamba kuhama ulikolelewa ni uasi.

Hoja yao wanayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya maadili. Mtu akiacha kuamini, wanasema, atazuiwa na nini asiibe? Inapendeza kuisikia hoja hii ikitolewa kwa sauti ya mtu anayekiri hadharani kwamba kinachomzuia yeye kuiba ni kamera ya mbinguni. Lakini tuifanyie heshima tuipime. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza watu dini zao. Zaidi ya watu 755,000 walijibu kwamba hawana dini, katika nchi ya watu milioni 47.6 ambayo zaidi ya sehemu nne kati ya tano, tuseme watu 85 katika kila mia, ni Wakristo. Sasa atuoneshe mtu kashfa moja kubwa ya fedha za umma nchini humo iliyopikwa na hao wasio na dini. Kwetu Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo wasioamini hawahesabiki, ila wezi wanahesabika: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatoa ripoti kila mwaka. Waliokabidhiwa fedha za umma wengi waliapa siku ya kwanza kazini wakiwa wameinua kitabu kitakatifu mkononi. Kitabu hakikuwa na kosa lolote, bila shaka. Lakini kama imani isiyoulizwa ndiyo kufuli la mkono wa mwizi, basi funguo za akiba zimezagaa kila wizara.

Na kwa kuwa tumegusa maadili, liko moja la pembeni. Mimbari hizi zinazotuonya juu ya elimu ndizo zilizojaa madaktari. Mhubiri anasema chuo kinapoteza vijana, na bango lake langoni linamtaja kuwa Nabii, Mtume, Profesa, Daktari, udaktari wenyewe ukiwa wa heshima kutoka taasisi ambayo hakuna aliyewahi kuliona darasa lake. Elimu ni sumu ikiwa kichwani na ni mapambo ikiwa kwenye bango.

Turudi kwenye swali, maana gharama ya kutouliza tunaijua kwa majina ya mahali. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalifukuliwa makaburi yenye miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, ya watu wanaosemekana kuambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia walikufa tarehe 17 Machi 2000 ndani ya kanisa lililoteketea milango ikiwa imefungwa. Dunia ilikuwa imeahidiwa kwisha, haikuisha, na inasimuliwa kwamba waumini walikuwa wameanza kuuliza habari za mali walizouza. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako. Makanisa makubwa hulijibu hili haraka: hayo ni madhehebu ya upotofu, sisi hatumo. Vizuri. Lakini muumini wa kawaida angejuaje? Watu wa Shakahola walikuwa wamelelewa wapi kabla ya kwenda msituni, kama si katika makanisa haya haya, ambako tangu utoto walifundishwa kwamba mtumishi wa Mungu hahojiwi na shaka ni mlango wa shetani? Mtu aliyenyimwa zoezi la kuuliza kwa miaka thelathini hawezi kulianza siku anapoambiwa asimpe mwanawe chakula. Kanisa kongwe lilimzoeza kuinamisha kichwa, msitu ukamkuta kimeinama tayari.

Ajabu ni kwamba Maandiko yenyewe hayana woga huu. Ibrahimu aliiacha nyumba ya baba yake na miungu yake. Ayubu alimshitaki Mungu kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu aliwakasirikia marafiki waliojaribu kumnyamazisha. Watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza yale waliyohubiriwa na Paulo kama ni kweli. Yesu mwenyewe, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni akiwauliza walimu maswali, huku wazazi wake wakimtafuta kwa uchungu. Walimu wale walishangazwa na akili zake. Bahati yake hawakuwa wa hapa, wangemtafutia wa kumwombea.

Hapa kwetu kinachomsubiri anayeuliza ni hesabu ya mazishi. Kila mtu anajua inavyofanyika: huyu hakuwa akifika jumuiya, huyu hakulipa ahadi, huyu alikuwa akisema maneno, kwa hiyo padre haji na kwaya haiji, na mama mjane abaki na turubai na aibu. Ni fimbo kali kwa sababu inampiga asiye na kosa. Fimbo nyingine ni jina. Mwaka 1970 mwandishi aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi alialikwa kuzungumza mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri jijini Nairobi. Akaanza kwa kuwaambia wazi kwamba yeye si mtu wa kanisa, hata Mkristo si. Mzee mmoja aliinuka kwa hasira kumkumbusha kwamba analo jina la Kikristo, kana kwamba jina lilikuwa ushahidi wa kumkamatia. Mwandishi alilikubali jambo hilo na baadaye akaliacha hilo jina. Ndipo dunia ikamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kati ya wawili hao, mmoja alikuwa amelichukulia jambo la imani kwa uzito, na hakuwa mzee.

Wapo watakaosema vijana wasubiri kwanza wakomae. Sawa, tuulize ukomavu unaanza lini. Kizito, mdogo kuliko wote waliochomwa Namugongo, inasadikiwa alikuwa na miaka kama kumi na minne, na hakuna askofu anayefundisha kwamba alikuwa mdogo mno kuamua. Kwenye umri huo huo watoto wetu wanavalishwa nguo nyeupe kwa kipaimara, wanasimama mbele ya kanisa zima, wanaulizwa kama wanaamini, na jibu lao linapokelewa kama la watu wazima, na picha zinapigwa, na ng'ombe anachinjwa. Miaka minane baadaye mmoja wao anarudi kutoka chuoni na kusema lile swali nililoulizwa nimelifikiria na sasa sina hakika. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa na akili timamu ya kusema ndiyo. Mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, mwenye haki ya kupiga kura, kuoa na kufungwa jela, hana akili ya kusema sijui. Anaambiwa ni utoto, utamwisha. Jina lake halifutwi kwenye daftari la usharika, na wiki ya mavuno bahasha yake inafika nyumbani kama kawaida, imeandikwa jina na kiwango.