Jicho la fundi halimo kwenye bajeti ya darasa

Makamanda, leo siandiki kuhusu Tume ya Uchaguzi wala Katiba Mpya. Huko nitarudi, msiwe na wasiwasi. Leo naandika kuhusu grainda. Ndiyo, ile mashine ya mkononi ya kukatia na kusugulia chuma, inayolia kuanzia asubuhi kwenye kila karakana ya kuchomelea, kutoka kwetu Busi mpaka Kondoa mjini mpaka Majengo pale Dodoma. Najua kuna watakaosema dada umeishiwa mada. Subirini kwanza.

Kwetu Busi, kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kuendelea ana njia chache. Atalima alizeti na ulezi na kuomba mvua isimtupe, au ataendesha boda ya mtu, au atajishikiza kwa fundi wa mageti. Anayejishikiza kwa fundi hapewi mkataba, hapewi barua, hapewi hata siku moja ya kuelekezwa. Anapewa grainda na kuambiwa "kata hapa." Akiuliza miwani anachekwa. Wiki ya pili na yeye anamcheka mwenzake.

Binamu yangu aliingia kazini hivyo hivyo akiwa na miaka 17. Kipande cha chuma kikamruka jichoni. Wenzake walijaribu kukitoa kwa ncha ya kitenge, baadaye kwa njiti ya kiberiti, na siku ya tatu jicho likiwa limevimba ndo akapandishwa gari kwenda hospitali. Leo kwa jicho la kushoto anaona ukungu tu. Aliyekuwa anamfanyisha kazi alimpa nauli na pole, na Jumatatu iliyofuata kulikuwa na dogo mwingine kwenye nafasi yake. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba sheria yoyote imevunjwa. Ilisemwa ni ajali, Mungu amepanga.

Mimi nasoma sheria, na hilo neno "Mungu amepanga" huwa linanikera likitumika kwa mambo yaliyopangwa na binadamu. Twende kwenye mashine yenyewe tuone nani alipanga nini.

Grainda ndogo, ile ya diski la inchi nne na nusu, inazungusha diski karibu mara 11,000 kwa dakika moja. Kwa kasi hiyo ukingo wa diski unakwenda kama mita 66 kwa sekunde. Diski hizo za kawaida zimetengenezwa kuhimili mita 80 kwa sekunde, yaani kama kilomita 288 kwa saa, kwa hiyo mpaka hapo uko salama. Sasa njoo kitaa. Fundi anataka kukata paipu nene, diski dogo halifiki, anachukua diski la inchi saba ambalo ni la mashine kubwa. Haliingii kwa sababu ya kava, basi anang'oa kava. Hilo diski limeandikwa lisizidi mizunguko 8,500, na yeye analizungusha 11,000. Piga hesabu mwenyewe: ukingo wake sasa unapita mita 100 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 370 kwa saa, bila kava, sentimita chache kutoka usoni. Likipasuka hakuna mkono wa binadamu unaowahi kujikinga.

Ndiyo maana nasema kava si pambo la kiwandani. Lipo kwa ajili ya siku ambayo diski litavunjika, na pia linakuzuia kuweka diski lisilo la mashine hiyo. Ukiling'oa umepoteza vyote viwili.

Mjomba wangu ana karakana na nimekulia nyuma yake, kwa hiyo wale wanaotaka kuuliza mwanamke wa sheria anajua nini kuhusu grainda, jibu ndo hilo. Kava la mashine yake halijawahi kutoka, na vijana wa karakana za jirani wanamwita mshamba. Huyo mshamba ana vidole kumi na macho mawili. Alichotufundisha ni kidogo tu lakini kinatosha. Soma namba za mizunguko kwenye diski na kwenye mashine kabla ya kufunga. Angalia ile pete ya chuma katikati ya diski, maana diski nyingi huwa na mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Gundi inayoshikilia diski inazeeka, hasa likikaa kwenye unyevu. Diski la kukatia likate tu, usilaze ubavu kusugulia nalo, kwa sababu ni jembamba na halikuumbwa kubeba nguvu ya pembeni. Mkono wa pili ukae kwenye mpini wa pembeni muda wote. Ukishafunga diski jipya, simama pembeni, washa, liache lizunguke peke yake kwa muda kidogo kabla ya kugusa chuma. Na usisimame kwenye mstari wa diski, kwa sababu chuma kikilibana, mashine inarudi kwako kama punda aliyepigwa. Kubanwa huko mara nyingi kunatokana na jinsi ulivyoegesha chuma: ukikata katikati ya paipu iliyowekwa kwenye mawe mawili, inapinda kwenda chini na kufunga njia ya diski. Acha upande unaokatwa uwe huru kudondoka.

Jambo moja sijawahi kuliona kwenye bango lolote la usalama, labda kwa sababu mabango mengi yanaandikwa na watu wasiokosa umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, vijana wanaweka grainda chini wanaenda kupiga stori, na swichi imebaki imefungwa kwenye kuwaka. Umeme ukirudi mashine inaamka yenyewe. Inaruka mezani, inakimbia chini, inatafuta mguu. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya kwenye soketi. Vilevile ukibadilisha diski, chomoa. Kuzima swichi hakutoshi.

Na tafadhali, wale mnaofunga meno ya msumeno wa mbao kwenye grainda ili mchonge mbao haraka, acheni. Na wanaokata mapipa yaliyokuwa na petroli au mafuta, ule mvuke uliobaki ndani unatosha kulipuka kwa cheche moja. Na dada zangu mnaoingia kwenye ufundi, nawapenda sana, lakini mtandio unaoning'inia na grainda havikai pamoja; ufungeni nyuma. Glavu za kitambaa zilizolegea nazo ni hivyo hivyo, diski likishika uzi linavuta mkono mzima.

Miwani sijaieleza kwa sababu hakuna cha kueleza. Vaa. Miwani ya jua ya mtumba haihesabiki.

Sasa siasa. Binamu yangu angeambiwa yeye si mwajiriwa, ni "mwanafunzi wa fundi," "kibarua," "dogo tu anayejifunza." Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema tofauti. Mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwa hata jambo moja tu kati ya yaliyotajwa lipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au amepewa vifaa vya kazi na huyo mtu. Dogo wa karakana anatimiza karibu yote. Mkataba wa karatasi hauhitajiki hapo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi za hatari, na inataja waziwazi kwamba ni pamoja na sehemu zisizo rasmi. Yaani Bunge lilimfikiria dogo wa Busi kwenye karatasi. Likamsahau mlangoni.

Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kuna OSHA ya kuisimamia. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008, ambao ulianza kazi 2015 na unachangiwa na mwajiri kwa asilimia 0.5 ya mishahara. Madai ya fidia yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Niambieni, nani kwenye karakana za kwetu amewahi kusikia hiyo miezi 12? Ya binamu yangu ilipita akiwa anatibiwa kwa majani.

Mtasema serikali haiwezi kuwafikia mafundi wote wa vijijini. Mimi nakataa. Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na viongozi walizunguka mpaka kwa mama anayeuza maandazi barabarani. Kwenye kukusanya tulifikiwa. Hata helmeti ya boda trafiki anaiona kutoka mbali, maana ina faini. Miwani ya fundi haina anayeiona kwa sababu haiingizi hela kwa mtu.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo zito kuliko yote. Mteja mkubwa wa mafundi hawa si tajiri anayejenga nyumba ya kifahari. Ni serikali yenyewe. Kumbukeni 2021, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF na madarasa 15,000 yaliyotakiwa kukamilika ndani ya miezi michache. Mengi ya majengo ya shule na zahanati yanajengwa kwa fosi akaunti, utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida badala ya makandarasi: shule inanunua vifaa, kamati inasimamia, fundi analipwa ufundi. Ni utaratibu unaookoa hela, sibishi. Lakini mlango wa chuma na grili za dirisha la darasa hazikatwi na IMF. Zinakatwa na dogo wa miaka 17 usiku, kwa taa ya simu, kwa sababu Mkuu wa Wilaya anakuja kukagua Jumatatu. Siku ya uzinduzi zinapigwa picha, utepe unakatwa, anashukuriwa mtu aliye mbali. Aliyekata chuma hayupo kwenye picha, na mara nyingine jicho lake nalo halipo.

Sitaki kusikia kwamba nawataka mafundi wakuu washtakiwe. Fundi mkuu wa kijijini naye ni maskini, amepewa bei ya ufundi iliyobanwa mpaka haina nafasi ya kupumua. Ukimletea mkaguzi mwenye kitabu cha faini atafunga karakana, na vijana watano watarudi kijiweni. Tuanzie kwenye hela ambayo serikali inaitoa yenyewe, kwa sababu hapo haina kisingizio. Kwenye makadirio ya kila darasa kuwe na mstari wa miwani, glavu na ngao za uso, kama ulivyo mstari wa saruji na nondo. Fundi asipewe kazi ya chuma ikiwa grainda yake haina kava. Ni sharti ambalo mwalimu mkuu yeyote anaweza kulikagua kwa macho, bila kusubiri gari kutoka Dodoma mjini.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya madudu tunayoyajua, ikarudi 2024. Vikundi vya vijana vinaomba mkopo wa mashine ya kuchomelea na grainda, na wanapewa semina ya kuandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti. Kwa nini asiwepo mwalimu wa VETA kwa siku mbili tu? Tuna hata mpango wa kurasimisha ujuzi unaowapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Uunganisheni na mkopo. Halmashauri inayomkopesha kijana mashine ya kumkata kidole itamdai rejesho kwa mkono upi?

Kwa hiyo hii ndo kazi ninayoomba tuifanye kabla ya robo hii ya mwaka kuisha. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi, ingieni mkae. Kila mmoja aende kwenye ofisi ya kata yake akaombe kuona makadirio ya darasa au zahanati inayojengwa sasa, na atafute kama kuna shilingi yoyote ya vifaa vya kinga. Ukinyimwa, andika tarehe na nani aliyekunyima. Ukiikuta, tutaisifia hapa hapa, hatuna uchoyo. Wa Kondoa nitawasubiri, barua ya kwanza nimeshaiandika na ninahitaji saini za mafundi wenyewe, si za kwetu sisi tunaoshika kalamu. Binamu yangu ameshasaini. Ilibidi nimwelekeze mstari ulipo.