Mwanao Anapotaka Kusomea Utangazaji



Wapendwa taifa la Mungu, matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, familia nyingi huketi kuamua kijana aende chuo gani na akasomee nini. Mtoto akitaja udaktari, ualimu au uhasibu, kikao huisha kwa furaha. Akitaja utangazaji wa redio na televisheni, mara nyingi kikao huvurugika. Baba huuliza kama kuna haja ya kulipa ada ili mtu afundishwe kuongea, jambo alilolijua tangu akiwa na miaka miwili. Mama huhofia kazi za usiku na mshahara usioeleweka. Wapo na wazazi wengine, wacha Mungu, wanaokubali kwa sharti moja: kijana aende chuo cha Kikristo, ili akihitimu arudi kuhubiri redioni.

Juma hili tungependa tuyatafakari pamoja majibu hayo, kwa maana tunaona kwamba yote yanapunja jambo lenyewe. La kwanza linaidharau taaluma. La pili linaiheshimu dini lakini linaisahau taaluma. Sisi tunaamini kwamba chuo cha Kikristo kinachofundisha utangazaji kina wito mpana kuliko kutoa wahubiri wenye vipaza sauti. Wito huo ni kulea watangazaji ambao msikilizaji yeyote, awe Mkristo au Mwislamu, mwenye chama au asiye na chama, anaweza kuliamini neno lao.

Mama Kanisa hakuanza jana kulifikiria jambo hili. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alizindua Redio Vatikano, iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati zake mbili za kwanza: moja juu ya Liturujia, na ya pili, Inter Mirifica, juu ya vyombo vya upashanaji habari. Hati hii ya pili inataka mapadre, watawa na walei waandaliwe kitaalamu kwa kazi hiyo, tena inataka ziongezwe shule na vyuo ambamo waandishi na watangazaji wataundwa katika roho ya Kikristo, hasa kwa kufundishwa mafundisho ya jamii ya Kanisa. Ndugu zetu, Mababa wa Mtaguso walitambua kwamba nia njema haitoshi, panahitajika darasa.

Hapa Tanzania agizo hilo lilikuta kazi imekwisha kuanza. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, kando ya Ziwa Viktoria. Kituo hicho ndicho mwaka 1998 kilichogeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la SAUT, na ambacho jina lake limefungamana na taaluma ya mawasiliano ya umma. Wanafunzi wake hujizoeza katika kituo cha chuo, Radio SAUT FM. Wakati huohuo, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio zisizo za serikali, na Kanisa halikuchelewa: Radio Tumaini ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, Radio Kwizera ikaanza Ngara mwaka 1995, na Radio Maria Tanzania mwaka 1996. Studio zilipatikana. Kilichohitajika zaidi, na kinachohitajika hata leo, ni watu.

Sasa tumjibu yule baba anayeuliza kinafundishwa nini. Msomaji wa gazeti asipoelewa sentensi, huirudia. Msikilizaji wa redio hana nafasi hiyo. Neno likishapita, limepita. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuandika kwa ajili ya sikio: sentensi fupi, jina la msemaji litangulie maneno yake, tarakimu ndefu zirahisishwe. Hufundishwa matamshi. Mtangazaji anayechanganya «r» na «l» atawaambia wasikilizaji kwamba siku ya uchaguzi wananchi wamejitokeza kwa wingi kwenda kula, na taifa zima litacheka. Hufundishwa umbali wa mdomo na kipaza sauti, kupima sauti, kuendesha mjadala bila kuuteka, na sheria za kashfa ambazo zinaweza kukifilisi kituo kwa sentensi moja ya uzembe.

Kisha yapo mafunzo ambayo yanaonekana kuwa ya ufundi tu, kumbe ni ya dhamiri. Mpiga picha akiwasogelea watu 30 waliokaa karibu karibu, mtazamaji nyumbani ataona ukumbi uliofurika. Akirudi nyuma hatua chache, ataona viti vitupu. Hakuna neno la uongo lililosemwa, lakini mtazamaji amedanganywa. Vivyo hivyo katika kuhariri sauti: mtu amesema, «Nitaunga mkono mradi huu iwapo wananchi watalipwa fidia.» Mhariri akikata kipande cha mwisho, amemshuhudia jirani yake uongo kwa kutumia sauti ya jirani huyohuyo. Amri ya Nane ya Mungu inaishi ndani ya chumba cha kuhariri, ambako mara nyingi hakuna shahidi mwingine ila Mungu. Ndiyo maana tunasema taaluma hii haiwezi kufundishwa vema pasipo kumfundisha mtu kwanza.

Wapendwa, tusidhani kwamba tunatia chumvi. Mwezi Julai 1993 ilianza kutangaza nchini Rwanda redio iliyoitwa RTLM. Ilipendwa, hasa na vijana, kwa muziki wake na mazungumzo yake ya mtaani. Kwa redio hiyohiyo watu waliitwa mende, na mwaka 1994 yakatajwa majina ya watu na mahali walipo ili wauawe. Wengi wa waliozungumza na wengi wa waliosikiliza walikuwa wamebatizwa. Tarehe 3 Desemba 2003, hapa kwetu Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda ilitoa hukumu katika kesi iliyoitwa ya vyombo vya habari. Miongoni mwa waliotiwa hatiani alikuwamo Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa redio hiyo, mwanahistoria aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza kifungo chake hadi miaka 30, lakini hatia ilibaki. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtangazaji mmoja wa redio hiyo, Mbelgiji Georges Ruggiu, alikiri kosa na kufungwa miaka 12.

Tunajifunza nini? Elimu ilikuwapo. Mitambo ilikuwapo. Sauti nzuri zilikuwapo. Kilichokosekana ni heshima kwa mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu. Na tukumbuke upande wa pili: maelfu ya watu waliokimbia Rwanda waliingia Ngara, na ndipo Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walipoanzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya kutumaini. Chombo kilikuwa kilekile, antena na kipaza sauti. Tofauti ilikuwa mioyo ya walioketi studioni.

Hapo ndipo tunapoona hekima ya chuo cha Nyegezi kuitwa jina la Mtakatifu Augustino. Kabla ya kubatizwa huko Milano katika Pasaka ya mwaka 387, Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, kazi iliyompa heshima na fedha. Baadaye aliitazama kazi ile kwa uchungu, kama biashara ya kuuza maneno. Hata hivyo hakuufukuza ufasaha. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo anajenga hoja kwamba sanaa ya kusema inaweza kuutumikia ukweli au uongo. Basi si haki waongo wawe na silaha hiyo huku watetezi wa ukweli wakiingia vitani mikono mitupu. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo sababu ya kuwapo vyuo hivi.

Lakini lipo sharti, nalo linatuhusu sisi tulio ndani ya Kanisa. Chuo cha Kikristo kikimfundisha mwanafunzi kuuliza maswali magumu kwa diwani na mbunge, kisha kikamfundisha kunyamaza mbele ya paroko na askofu, kitakuwa kimemfundisha unafiki. Mtangazaji Mkatoliki aliyeundwa vizuri atauliza kwa adabu hesabu za parokia kama anavyouliza hesabu za halmashauri. Vilevile, parokia inapowaalika wanahabari kwenye jubilei au harambee, isiwape bahasha. Bahasha hiyo, hata ikiitwa nauli, inanunua habari. Na aliyeizoea kanisani ataipokea popote. Tena, redio ya Kanisa inayomtumikisha mhitimu kwa miaka kadhaa bila ujira, ikimwambia kwamba thawabu yake iko mbinguni, inavunja mafundisho yaleyale ya jamii aliyofundishwa darasani. Mtume Yakobo ana maneno makali juu ya ujira uliozuiwa, nasi hatuna ruhusa ya kuyaruka.

Wapo vijana watakaouliza: kwa nini nisome miaka mitatu, wakati simu yangu inaniwezesha kurusha matangazo leo jioni? Swali ni la haki. Tunajibu kwamba simu inakupa masafa, haikupi uaminifu. Mwenye simu anaweza kuwa wa kwanza kusema. Aliyefundwa hujua pia wakati wa kungoja uhakika. Tena sheria nayo imebadilika: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya Wanahabari, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwanahabari. Zama za kuingia studioni kwa kipaji cha sauti peke yake zinafungwa.

Basi tushauri nini? Wazazi, mtoto akichagua utangazaji, msimcheke. Muulizeni kama anapenda kusoma, kwa kuwa mtangazaji asiyesoma huishiwa maneno mapema. Ulizeni chuo kama kina studio inayofanya kazi na walimu waliofanya kazi hiyo. Msalaba ukutani haufundishi kuhariri sauti. Vijana, anzeni na mlicho nacho: someni masomo ya Dominika kwa maandalizi, sikilizeni taarifa ya habari ya vituo viwili na mpime tofauti. Kamati za parokia, mnapochangia seminari, jambo jema kabisa, fikirieni pia kumlipia ada mlei mmoja anayesomea habari. Tangu mwaka 1967 Kanisa huadhimisha Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Sadaka ya siku hiyo itakuwa na maana zaidi tukijua jina na sura ya kijana wetu inayemsomesha.

Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Na sikio linalodanganywa kila siku na taarifa ya habari, Dominika litakuja kanisani likiwa limechoka kuamini neno lolote.

Malaika Mkuu Gabrieli, msimamizi wa mawasiliano, awaombee watangazaji wetu wote na wale walio bado darasani. Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.